Listeria: kuhama nyumba bila kukanyaga barabara

Jaribio ninalolipenda kuliko yote maabara halihitaji mashine ya bei mbaya. Unaotesha seli za binadamu kwenye kisahani mpaka zishikane kama vigae, unamwaga juu yake bakteria wachache wa Listeria monocytogenes, unawapa saa moja waingie, kisha unaosha na kuweka jentamaisini, dawa ya kuua bakteria. Dawa hiyo haipenyi vizuri ndani ya seli: aliyebaki nje hufa, aliyeingia husalimika. Baada ya siku mbili tatu unatia rangi nyekundu inayoshikwa na seli hai tu, unainua kisahani kwenye mwanga, na unaona vitundu vyeupe. Ni maeneo ambamo seli zimekufa, moja ikifuatwa na jirani yake. Na dawa ilikuwepo nje muda wote. Hao bakteria walipita wapi?

Walipita ndani kwa ndani.

Listeria akishagusa seli ya utumbo, protini yake moja hushika E-kadherini, kishikizo ambacho seli hutumia kushikana zenyewe kwa zenyewe. Seli humvuta ndani akiwa amefungwa kwenye kifuko cha utando, na kifuko huanza kujaa asidi ili kimsage. Hapo Listeria hutoa listeriolisini O, protini inayotoboa utando, naye akatoka. Wengi hulipita jambo hili haraka, lakini kwangu ndipo ujanja wenyewe ulipo: protini hiyo huchapa kazi kwenye asidi, pH ya 5.5 hivi, na ikishatoka kwenye kifuko makali yake hupungua. Ingeendelea kutoboa, ingepasua hata utando wa nje wa seli, na mpangaji angejikuta uwanjani mbele ya kingamwili, zile protini za kinga zinazozunguka nje ya seli, na seli nyeupe. Bakteria waliobadilishwa maabara wakakosa breki hiyo huua seli wanamoishi, na wenyewe hushindwa kuugulisha panya ipasavyo.

Akiwa huru, hujivika ActA, protini inayowalazimisha wafanyakazi wa seli kusuka nyuzi za aktini, protini inayoipa seli umbo lake, nyuma yake. Chini ya hadubini utaona mkia mrefu kama wa kimondo, na bakteria akisukumwa mbele. Akifika ukutani hasimamishi mwendo: huusukuma utando hadi uchomoze kama kidole ndani ya seli ya jirani, na jirani hukimeza kidole hicho na kilichomo. Sasa amefungwa kwenye tando mbili, wa mwenyeji wa zamani na wa mwenyeji mpya. Huzitoboa zote, mchezo unaanza upya. Lewis Tilney na Daniel Portnoy walionyesha hatua hizi kwa hadubini ya elektroni mwaka 1989.

Mwondolee ActA, kisha rudia jaribio. Bakteria huingia na kuzaliana vizuri tu, lakini hurundikana palepale kama abiria wa daladala iliyozimika njiani, na vile vitundu huvioni. Tena ActA hiyohiyo humfunika kwa protini za mwenyeji, hivyo mfumo wa seli wa kuzoa takataka humpita kama mwanafamilia.

Kingamwili, basi, hazina la kufanya. Zinalinda barabara asiyoipita. Wanaomweza ni seli T, aina ya seli nyeupe, kwa kuwa seli iliyovamiwa huanika vipande vya protini za mvamizi juu ya utando wake. Seli T ikiviona, huibomoa nyumba pamoja na mpangaji.

Ndiyo maana ugonjwa unaoletwa na Listeria huwaandama wenye kinga dhaifu, wazee na wajawazito, maana hupenya hata kondo la nyuma. Afrika Kusini, mwaka 2017 hadi 2018, waliougua walizidi 1,000 na waliofariki walizidi 200, sehemu kubwa ya wagonjwa wakiwa watoto wachanga. Chanzo kilikuwa poloni, soseji nene inayoliwa bila kupikwa tena. Na Listeria huendelea kuzaliana hata ndani ya friji. Mjamzito akiniuliza kuhusu nyama za namna hiyo, humwambia azirudishe kwenye kikaango mpaka zifuke mvuke.