Usiku wa Darubini: Mwezi, Kioo na Foleni

Anayeandaa usiku wa kutazama anga aanze na kalenda ya mwezi. Unaofaa ni wa siku ya sita hadi ya tisa. Jua huupiga kwa ubavu, na kwenye mpaka wa nuru na giza kila shimo hutupa kivuli kirefu. Vilele vya milima vinang'aa huku mabonde yake bado ni usiku. Mwezi mpevu haufai: vivuli hupotea, na nyota hafifu humezwa na mwangaza wake.

Darubini zitolewe nje angalau nusu saa kabla ya wageni. Kioo cha darubini chenye joto la ndani ya nyumba huvuruga hewa iliyo juu yake, na Zohali hucheza kama sarafu chini ya maji. Ziwekwe kwenye nyasi, maana saruji hutoa joto la mchana hadi usiku. Darubini ndogo ya kulengea ilinganishwe na kubwa kungali na mwanga, kwa kulenga mnara wa mbali. Kamwe msilenge jua.

Kosa kubwa ni tamaa ya kukuza. Darubini ya Dobson, yaani ya kioo iliyowekwa juu ya kitako sahili cha kuzungushwa, yenye kioo cha sentimita 20 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi nuru inapokutana) wa milimita 1,200, ikifungwa lenzi ya kutazamia ya milimita 25, hukuza mara 48. Ya milimita 10 hukuza mara 120, na wengi huikimbilia. Lakini darubini hii husukumwa kwa mkono, na anga husogea nyuzi 15 kwa saa. Kwa mara 48, sayari hukatiza duara la lenzi ya kawaida kwa takriban dakika nne. Kwa mara 120, dakika moja na nusu hivi. Mtoto wa tatu kwenye foleni huchungulia giza tupu, kisha kwa adabu husema ameona.

Kwa hiyo msimamizi achungulie mwenyewe kila baada ya watu wawili. Asiulize "Umeona?" Aulize, "Pete za Zohali zimelala upande gani?"

Pwani umande hutanda kwenye lenzi. Usifute kwa leso, vumbi na chumvi vitaikwaruza. Elekeza hewa vuguvugu ya kikaushio cha nywele.

Tochi zifunikwe karatasi nyekundu, simu zizimwe. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kioo cha simu kimoja huwarudisha watu mwanzo. Kati ya Desemba na Machi, walio kwenye foleni waonyeshwe Kilimia, kile kishada cha nyota, wahesabu nyota zake kwa macho matupu. Wengi huona sita. Zamu yao ikifika, macho yatakuwa tayari.