Eti ukijitambua ndotoni unaweza kukwama humo humo? Dhana potofu na ukweli wake

Mara ya kwanza kujitambua ndani ya ndoto sikupaa angani wala sikufanya lolote la maana, niliogopa tu. Nilikuwa kwenye korido ndefu yenye milango huku na huku, nikashtuka nikasema kimoyomoyo aah kumbe hapa naota, halafu badala ya kufurahi swali la kwanza kuja kichwani likawa, sasa natokaje humu? Nikaanza kukimbia, nafungua mlango huu unanitupa korido ile ile, nafungua ule hivyo hivyo, moyo unadunda mpaka nikaamka nimeloa jasho. Yote hayo sidhani kama yalimaliza dakika mbili ila kwangu ilikuwa kifungo cha miaka. Ndo maana mtu akiniambia anazitamani hizi ndoto za kujitambua lakini anaogopa kukwama simcheki, namwelewa kabisa, ila mengi anayoyaogopa si kweli, na machache yaliyo kweli yana maelezo yake.

Dhana: usingizi unaweza kukung'ang'ania ukashindwa kuamka kabisa

Hii ndo mama yao zote. Anayeamka si wewe wa ndotoni, ni mwili, na mwili hauombi ruhusa kwa ndoto. Usingizi unaenda kwa mizunguko ya kama dakika 90 hivi, na ndani yake kuna kipindi kinaitwa REM, macho yanachezacheza haraka haraka chini ya kope na ndoto zenye picha kali nyingi zinatokea hapo. Cha kwanza cha usiku ni kifupi, kama dakika 10, vya alfajiri ndo virefu, vinaweza kufika nusu saa na zaidi. Kikiisha kimeisha, ubongo unahamia hatua nyingine au unaamka, upende usipende. Hapo sijataja kibofu kikijaa, alamu, mwanga dirishani, au mwili tu kuona usingizi umetosha.

Halafu kuna jambo ambalo wenye hofu hii huwa hawalijui, kwamba kazi kubwa ya ndoto hizi si kutoka, ni kubaki. Muulize mtu yeyote anayeanza, atakwambia alijitambua, akapata furaha ya ajabu, sekunde kadhaa ndoto ikayeyuka akajikuta anatazama dari. Mbinu za kusugua viganja, kushika ukuta usikie ulivyo, kujizungusha kama pia, zote hizo watu wanajifunza ili wasiamke! Sasa jela gani hiyo ambayo wafungwa wanafundishana namna ya kutofukuzwa.

Wengine wanachanganya na koma. Koma si usingizi mzito uliopitiliza, ni hali inayotokana na ubongo kuumia, kukosa oksijeni, sumu, sukari kushuka mno na mambo ya namna hiyo, na mtu aliye kwenye koma huwezi kumwamsha kwa kumtikisa. Hakuna njia ya kutoka kwenye ndoto ukaangukia huko.

Dhana: dakika moja ya nje ni miaka ndani

Hii imeletwa na filamu na hadithi, na ni tamu kweli, ila imepimwa. Ujanja uliotumika ni kwamba kwenye REM misuli karibu yote inazimwa lakini macho hayazimwi, kwa hiyo anayeota akijitambua anaweza kuzungusha macho kushoto kulia kwa mpangilio mliokubaliana kabla hajalala na mashine ikaandika. Keith Hearne alifanya hivyo mwaka 1975 pale Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, aliyekuwa anaota anaitwa Alan Worsley, na baadaye Stephen LaBerge akafanya kivyake kule Stanford, Marekani. LaBerge akaenda mbele zaidi, mtu anatoa ishara, anahesabu sekunde 10 ndani ya ndoto, anatoa ishara nyingine. Muda uliopita huku nje ukawa karibu sawa na ule wa mtu aliye macho akihesabu. Daniel Erlacher na Michael Schredl nao waliwapa watu kazi za mwili ndotoni, kuchuchumaa na kusimama kwa mfano, na hizo zilichukua muda mrefu kidogo kuliko wakiwa macho, yaani kinyume kabisa cha dhana.

Sasa mbona mtu anaamka anasema ameota safari ya siku tatu? Kwa sababu ndoto inakata. Unapanda basi, mara umeshafika, usiku umeingia, na hushangai. Hukuzikaa hizo siku, ulirushwa tu.

Dhana: ukiamka ukakuta bado unaota, ujue umenasa kwenye ndoto ndani ya ndoto isiyo na mwisho

Hapa ndo penyewe, maana hiki kitu kipo na kinatisha, sitaki kumdanganya mtu. Asubuhi moja nilizima alamu, nikaenda kunawa uso, maji yakawa hayana baridi wala joto, nikasema mh. Nikaamka. Nikazima alamu tena, nikabonyeza swichi ya taa, haiwaki, nabonyeza tena na tena inatoa mwanga hafifu kama mshumaa unaokata roho. Nikaamka tena. Safari hii nikakaa kitandani sitaki hata kushusha mguu, namsikia mtu anaongea sebuleni, natoka simkuti, kurudi kitandani nakuta shuka si langu. Ya nne ndo ilikuwa ya kweli, na nusu saa nzima nilikuwa nabonyeza swichi kama mwendawazimu kuhakikisha.

Hilo linaitwa kuamka kwa uongo na halikuanza leo. Frederik van Eeden, daktari na mwandishi Mholanzi aliyezipa ndoto za kujitambua jina lake la Kiingereza mwaka 1913, alilieleza hata yeye, unaamka chumbani kwako mwenyewe halafu taratibu unaona kuna kitu hakipo sawa. Na ile taa isiyowaka Hearne aliiandika mwaka 1981, ndotoni kuwasha chumba chenye giza kikawaka vizuri mara moja huwa kunagoma. Nilivyojua hilo nilicheka peke yangu.

Chanzo chake si cha kichawi. Ubongo uko karibu na kuamka na unategemea kuamka, na utaratibu wa asubuhi unaujua kwa moyo, alamu, mlango, sinki, basi unaujenga wenyewe. Ukiwa na hofu ndo kabisa, maana ndoto inajengwa na unachotegemea, ukitegemea kwamba utaamka tena kwa uongo unakuwa umeiandikia ndoto mstari wake unaofuata. Ila inakwisha, inakwisha na kile kipindi cha REM nilichosema pale juu. Ukiwa na wasiwasi bana pua yako kwa vidole ujaribu kuvuta pumzi kwa pua, ndotoni mara nyingi hewa inapita kama kawaida. Au soma maandishi, geuka pembeni, soma tena, ndotoni huwa yanabadilika. Mimi ile pua haijawahi kuniangusha, maandishi yalishanidanganya mara moja.

Dhana: sikuweza kusogeza hata kidole, kwa hiyo nilikwama ndotoni

Hilo ni jinamizi ndugu yangu, na wakati huo umeshaamka, tatizo ni kwamba misuli bado haijapewa taarifa. Ile breki ya REM inayokuzuia usirushe mangumi kitandani imechelewa kuachia, na mabaki ya ndoto bado yanaelea, ndo maana unaona kivuli mlangoni au unahisi mtu amekukalia kifuani. Kifua kinabana lakini kiwambo cha kupumulia hakizimwi, pumzi inaenda, ni vile huwezi kuivuta kwa nguvu unavyotaka. Kwa kawaida linakwisha ndani ya sekunde au dakika chache. Takribani watu 8 kwa kila 100 limewapata angalau mara moja maishani, na kulala chali pamoja na kukosa usingizi wa kutosha kunaliita. Ukipambana mwili mzima hofu inapanda tu, wengi wanasema bora kuhangaika na kitu kidogo, kidole gumba cha mguu au ulimi, huku unaacha pumzi iende taratibu.

Dhana: ukifa ndotoni umekufa

Tulioshawahi kufa ndotoni tupo hapa tunaandika. Twende mbele.

Dhana: humo ndani uko peke yako, hakuna wa kukufikia

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walitoa matokeo ya majaribio ya pamoja kwa watu 36. Mtu yuko kwenye REM kabisa, mashine zinathibitisha, anaulizwa hesabu kwa sauti, anajibu kwa macho au kwa misuli ya uso. Mmoja akaulizwa 8 toa 6, akazungusha macho kushoto kulia mara mbili. Haikufanikiwa kila mara, kati ya majaribio 158 majibu sahihi yalikuwa kama asilimia 18, lakini kwa mtu aliyelala fofofo mi naona ni maajabu. Wengine waliisikia sauti ya watafiti imeingia ndani ya ndoto yenyewe, mathalani inatoka kwenye redio. Kwa hiyo ukuta unaoufikiria ni pazia tu, na mtu wa kawaida akikutikisa bega utaamka.

Dhana: kama umejitambua lakini huwezi kuiongoza ndoto, imekushinda na imekushika

Kujua unaota na kuendesha ndoto ni vitu viwili. Watu wengi wanajua kabisa wanaota na bado ukuta haupenyeki na mbwa anaendelea kuwafukuza. Kosa langu kwenye ile korido lilikuwa hapo, nilijua ni ndoto lakini nikaendelea kukimbia kama si ndoto, na kukimbia kwenyewe ndo kulikoifanya iendelee kunizalishia milango.

Ukitaka kutoka kweli, kodolea macho sehemu moja usiyahamishe, doa ukutani, kitasa, chochote. Paul Tholey, mwanasaikolojia Mjerumani, aliitumia hii kuamkia, na inaelekea kufanya kazi kwa sababu ndoto ya REM inataka macho yanayotembea. Kufumba macho kwa nguvu ndotoni nako kunasaidia, ila wakati mwingine ukifumbua unakuta mandhari mpya, usishtuke, rudia.

Kuna watu lakini ambao ningewaambia waachane nazo kwa sasa, hasa aliyewahi kupata ugonjwa wa akili wa kuona au kusikia yasiyokuwepo, au ambaye hata mchana anashindwa kutofautisha ndoto na uhalisia, huyo aongee na daktari kwanza. Na wale wanaojiamsha usiku wa manane kila siku ili wazipate wanajikatia usingizi bure, na usingizi uliokatika ndo unaowaletea hayo majinamizi wanayoyaogopa. Ndoto mbaya inayojirudia wiki hadi wiki nayo ina matibabu yake, usikae nayo.

Ile korido niliirudia miezi kadhaa baadaye, milango ile ile. Nikaketi chini sakafuni nikaanza kuangalia viganja vyangu, vidole vilikuwa sita, nikawa nahesabu upya, vinakuwa saba. Nikacheka. Kabla sijainuka kwenda kuona nyuma ya mlango wa kwanza kuna nini kila kitu kikafifia, nikawa kitandani, nimekasirika kweli.