Uenyeji wa uwanja katika gofu: maana yake

Mcheza kwao hutuzwa. Waliosema hivyo walikuwa na ngoma mawazoni: ukicheza mbele ya watu wanaokujua, watakushangilia na kukutunza hata ukikosea hatua mbili tatu. Mpira wa miguu umeirithi methali hiyo kama ilivyo, maana uwanja wa nyumbani huko ni mashabiki, kelele, na refa anayesitasita kabla ya kupuliza filimbi. Gofu ya klabuni haina hayo. Mtu akijiandaa kupiga, wote hunyamaza, pamoja na mpinzani wake, na Jumamosi asubuhi anayekutazama ni kedi wako, yaani mbeba fimbo zako, na pengine kunguru wawili. Hata hivyo muulize mwanagofu yeyote, atakwambia kwao hucheza vizuri kuliko ugenini. Kinachomtuza ni ardhi yenyewe.

Kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, na hiyo ndiyo maana ya uenyeji wa uwanja: mikwaju ambayo mchezaji huiokoa kwa kuwa anaujua uwanja, wala si kwa kuwa ana kipaji zaidi. Gofu inaruhusu jambo hili kuliko michezo mingi kwa sababu viwanja vyake havifanani. Uwanja wa tenisi Dodoma una vipimo vilevile vya uwanja wa tenisi Paris. Kwenye gofu, shimo lina upana wa milimita 108 popote uendapo, lakini urefu wa njia, miteremko, miti, mchanga, maji na aina ya nyasi kila mahali ni vingine.

Nichukue shimo moja katika klabu ninayochezea. Ni la pa nne, yaani linatarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, na njia yake inakata kushoto. Ukisimama pa kuanzia unaona katikati pamekaa wazi, kijani safi, kama pametandikwa mkeka. Mgeni hupiga pale pale. Anatembea na furaha yake mita mia mbili, kisha anaukuta mpira umeteremka wenyewe hadi chini ya mikaratusi, kwa sababu ardhi imeinama kwa namna isiyoonekana kutoka juu. Mwenyeji hupiga kulia, kwenye ukingo wenye sura mbaya, na mpira unarudi katikati polepole kama ng'ombe anayejua zizi lake. Siku yangu ya kwanza pale kedi aliniambia, "Mzee, achana na bendera. Lenga nguzo ile ya stima." Nikamwona anatania. Nilimaliza kwa mikwaju saba.

Watu hudhani mwenyeji anajua mahali pa kupiga. Anajua, lakini faida kubwa ni kujua mahali pa kukosea. Hakuna anayepiga sawasawa kila mara, hata wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mwenyeji anajua kosa la upande huu litamgharimu mkwaju mmoja na la upande ule mitatu, kwa hiyo hukosea kwa bei nafuu. Mgeni hukosea popote.

Ujuzi huu huwa mzito zaidi kwenye grini, yale majani yaliyonyolewa kuzunguka shimo. Mfano unaojulikana ni Augusta National, jimbo la Georgia, Marekani, ambako mashindano ya Masters hufanyika kila mwaka. Ni mojawapo ya mashindano manne makubwa ya gofu; mengine matatu huhamahama, haya hayahami, kwa hiyo wanaorudi miaka nenda rudi hugeuka wenyeji wa aina fulani. Jack Nicklaus alishinda pale mara 6, ya mwisho mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 46. Tiger Woods ameshinda mara 5. Baada ya 1935, aliyeshinda katika safari yake ya kwanza ni mmoja tu, Fuzzy Zoeller, mwaka 1979. Naye hakucheza bila msaada wa mwenyeji: hadi 1982 kila mchezaji alilazimika kutumia kedi wa klabu hiyo, watu waliotembea kwenye grini zile maisha yao yote. Mwaka 1983 wachezaji wakaruhusiwa kuja na makedi wao. Ben Crenshaw hakubabaika, akabaki na Carl Jackson, mtu wa pale pale, na akashinda naye 1984 na tena 1995. Mimi humwona Jackson kuwa tafsiri bora ya dhana hii kuliko maelezo yoyote: uenyeji unaweza kuazimwa, ukipata wa kukuazima na ukikubali kumsikiliza.

Huku kwetu kuna mambo mawili ambayo mtu wa Georgia hahitaji kuyawaza. La kwanza ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira hukutana na upinzani mdogo angani. Fimbo inayokupa mita 150 Mombasa inaweza kukupa mita kumi zaidi Nairobi. Mtu wa Pwani akipanda bara na hesabu zake za nyumbani huvuka grini. Wa bara akishuka, mipira yake huanguka njiani na anaanza kulaumu fimbo. La pili ni upepo. Pwani, kusi hugeuza mashimo yaliyokuwa rahisi wakati wa kaskazi, kwa hiyo aliyecheza Februari akirudi Julai hukuta karibu uwanja mwingine. Mabaharia wangemwelewa mara moja.

Kuna eneo moja ambalo uenyeji huleta maneno klabuni, nalo ni handikapu, ile mikwaju ya nyongeza anayopewa mchezaji dhaifu ili ashindane na mwenye nguvu. Chini ya mfumo wa dunia ulioanza 2020, inakokotolewa kutokana na matokeo 8 bora kati ya 20 ya karibuni. Kila uwanja pia hupewa kipimo cha ugumu, kuanzia 55 hadi 155, na 113 ndiyo ya kawaida. Ukienda kwenye ugumu zaidi unaongezewa mikwaju. Mfumo ni mzuri, lakini wanaopima wanapima urefu na vizuizi. Hawapimi ugeni wako. Ndiyo maana mtu mwenye handikapu 12 iliyolelewa kwenye uwanja mmoja anaweza kwenda kwa jirani akacheza kama mtu wa 16, na watu wakaanza kunong'ona kwamba alidanganya. Kwa kawaida hakudanganya. Handikapu yake ndiyo haijawahi kusafiri.

Uenyeji pia unaweza kutengenezwa. Katika Ryder Cup, ambapo Ulaya na Marekani hupambana kila baada ya miaka miwili, upande mwenyeji ndio wenye sauti juu ya jinsi uwanja utakavyoandaliwa: upana wa njia, urefu wa nyasi za pembeni. Mwaka 2018 kwenye Le Golf National, karibu na Paris, njia zilibanwa na nyasi zikaachwa ndefu, na Wamarekani wapigao mbali wakatumia siku tatu wakitafuta mipira. Ulaya ilishinda 17½ kwa 10½. Mmarekani aliyeleta pointi nyingi, 4, alikuwa Justin Thomas, ambaye miezi michache kabla alikuwa amecheza mashindano ya wazi ya Ufaransa kwenye uwanja uleule. Kuanzia 2014 hadi 2023 mwenyeji alishinda mara zote tano. Kisha Septemba 2025 Ulaya ikaenda Bethpage, New York, mbele ya umati uliokuwa ukiwazomea waziwazi, ikashinda 15 kwa 13. Kuandaa uwanja upendavyo hakusaidii kama wageni nao wameupenda.

Na wakati mwingine uenyeji humfuata mtu mbali kwa njia asiyoitarajia. Nyasi za kikuyu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na jina lake linatokana na Wakikuyu. Ni nene, zina vikonyo imara, na hukamata uso wa fimbo kama mkono wa mtoto anayekataa kuachwa sokoni. Aliyejifunza gofu juu yake hujua bila kuambiwa kwamba mpira ukizama ndani upigwe kwa kushuka, na kwamba ule mkwaju mfupi wa kuviringisha mpira mbele ya grini ni kamari. Nyasi hizohizo zimetanda Riviera, Los Angeles, uwanja ulioteuliwa kwa gofu ya Olimpiki ya 2028. Wachezaji wa kulipwa wakifika pale hulazimika kuzizoea upya. Kijana aliyekulia viwanja vya Limuru angechuchumaa, apitishe vidole ndani yake, na kuzitambua.