Haki Mbili Katika Neno Moja: Kumfundisha Kijana Utawala wa Sheria

Anayefundisha haki kwa Kiswahili hukutana na ugumu mapema, kwa kuwa neno lenyewe lina kazi mbili. Kijana akisema "kusoma ni haki yangu", anataja kitu anachostahili. Akisema "mwamuzi hakutenda haki", anazungumzia namna jambo lilivyoamuliwa. Vipindi vingi huishia kwenye maana ya kwanza: orodha ya haki hukaririwa, kila moja ikiambatanishwa na wajibu wake, na mtihani humtaka mwanafunzi ataje tano. Maana ya pili, ambayo ndiyo huipa orodha hiyo thamani siku kijana anapotuhumiwa, hupewa dakika chache au huachwa kabisa.

"Utawala wa sheria" nao hueleweka nusu. Vijana wengi hujibu kwamba ni wananchi kutii sheria. Hilo limo, lakini utii wa raia peke yake hata mtawala wa mabavu huupenda. Kiini chake ni kwamba anayetunga sheria, anayeitekeleza na anayeadhibu wote wanafungwa na sheria iliyotangazwa kabla ya kosa kutendeka, na kwamba aliyeonewa ana mahali pa kulalamika mbele ya mtu asiye na maslahi katika shauri lake. Husemwa kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mara nyingi vijana tumewaonyesha mkato wa mbele tu.

Tuchukue tukio dogo. Kikokotoo cha mwanafunzi kimepotea wakati wa mapumziko, na mwenye nacho anamtaja mwenzake aliyebaki darasani peke yake. Mwalimu, akiwa na haraka ya kuanza somo, anamwita mbele, anamwaga vitu vyake vyote mezani, hapati kitu, kisha analiadhibu darasa zima "mpaka mwizi ajitokeze". Ndani ya dakika kumi mtu mmoja amekuwa mpelelezi, mwendesha mashtaka na hakimu. Mtuhumiwa hakuulizwa lolote. Na wasiohusika wameadhibiwa kwa kosa la mtu asiyejulikana. Kipindi kinachofuata kikiwa cha uraia, hakuna bango ukutani litakalofuta walichokwisha kujifunza.

Kwa vijana wa sekondari, kesi ninayopenda kuanza nayo ni ya Gerald Gault wa jimbo la Arizona, Marekani. Mwezi Juni 1964, akiwa na umri wa miaka 15, alikamatwa baada ya jirani kulalamika kwamba amepigiwa simu yenye maneno machafu. Wazazi wake walikuwa kazini na hawakuachiwa taarifa yoyote. Mlalamikaji hakufika mbele ya hakimu, kijana hakuwa na wakili, na yaliyosemwa hayakuandikwa. Aliamriwa kupelekwa shule ya maadilisho, ambako angeweza kushikiliwa hadi afikishe miaka 21, ilhali mtu mzima kwa kosa hilohilo angetozwa faini isiyozidi dola 50 au kufungwa muda usiozidi miezi miwili.

Hapo darasa zima huuliza: alipiga simu au hakupiga? Swali hilo ndilo mlango wa somo. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi ule bila kuhitaji kulijibu, kwa sababu kilichokuwa kimeharibika ni utaratibu: mtoto naye anastahili kuelezwa tuhuma mapema, kupata wakili, kuwahoji mashahidi na kutolazimishwa kujitia hatiani. Kijana anayeelewa kwamba hata mwenye kosa anaweza kuonewa amevuka hatua kubwa kuliko aliyekariri ibara zote 30 za Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948. Akirudi sasa kwenye ibara ya 10 na ya 11, zinazohusu kusikilizwa kwa haki na kudhaniwa kuwa hana hatia, atazisoma akiwa na sura ya mtu kichwani.

Maigizo ya mahakama husaidia, mradi muda usimalizwe kwenye majoho na nyundo ya hakimu. Anayepaza sauti zaidi kumlaani mshtakiwa ndiye apewe kazi ya kumtetea. Kisa kisiwe cha kweli kinachomhusu yeyote aliyemo darasani. Wadogo hawahitaji mahakama. Inatosha mmoja agawe kitu na mwingine awe wa kwanza kuchagua.

Baadhi ya walimu na wazazi wanahofu kwamba mtoto akijua haki zake atakuwa jeuri. Hofu hiyo si ya kubezwa, lakini uzoefu wa sheria unaelekeza kwingine. Mwanasaikolojia Tom Tyler, aliyewahoji wakazi wa Chicago katika miaka ya 1980, aligundua kwamba watu hutii sheria zaidi wanapoona vyombo vyake vinawatendea kwa haki kuliko kwa kuogopa adhabu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 nao, katika ibara ya 12, haumpi mtoto mamlaka ya kuamua kila kitu. Unataka asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na maoni yake yapewe uzito kwa kadiri ya umri na ukomavu wake.

Kwa hiyo kikokotoo kinapopotea, mwalimu amwite mtuhumiwa pembeni, amweleze alichosemewa na nani aliona nini, ampe nafasi ya kujieleza, na kama yeye mwenyewe ana ugomvi na mtoto huyo, amwachie mwenzake shauri. Uamuzi uwe na sababu, na mwanafunzi ajue ni nani mwingine anayeweza kuupitia upya. Kikokotoo kikionekana kesho yake chini ya dawati la mwenye nacho, mwalimu aseme wazi kwamba mtuhumiwa hakuwa na kosa, na alisemee darasani, palepale tuhuma ilipotolewa.