Kumsafirisha na kumsaidia mzee wakati wa janga: dhana potofu na ukweli

Maradhi ya kuambukiza yakishaingia, wanaojitolea kuwasaidia wazee hushauriwa na kila mtu, wakiwemo wengi ambao hawajawahi kumtoa mzee ndani ya gari. Tangu Shirika la Afya Duniani litangaze Uviko-19 kuwa janga, tarehe 11 Machi 2020, mengi yamejulikana kuhusu namna virusi vya aina hiyo vinavyosafiri, lakini mazoea ya wiki za mwanzo bado yameng'ang'ania. Baadhi ya mazoea hayo hupoteza muda tu. Mengine huua.

Dhana: Mzee akae ndani hadi janga lipite, hospitali itasubiri

Kuna miadi inayosubiri na isiyosubiri. Kupima macho ili kubadilisha miwani kunaweza kuahirishwa. Kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo hakuahirishwi: kwa kawaida hufanyika mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, na anayekosa hujaa maji mwilini hadi mapafuni, huku potasiamu ikipanda kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Tiba ya saratani, kidonda cha mguu cha mwenye kisukari na kipimo cha damu cha anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) navyo si vya kusogezwa bila daktari kukubali. Kwa hiyo panga safari kwa uzito wa miadi, si kwa nani aliwahi kupiga simu.

Tena safari ya kurudi kutoka kusafishwa damu huwa ngumu kuliko ya kwenda. Shinikizo la damu huwa limeshuka, mzee ana kizunguzungu, na sehemu iliyochomwa sindano yaweza kuvuja. Usimshike wala kumvuta kwa mkono wenye mshipa wa kusafishia damu, na usimbebeshe mfuko kwa mkono huo. Damu ikianza kutoka, bonyeza papo hapo kwa kitambaa safi, mfululizo, bila kufunua kila mara kuchungulia. Isipokoma, mrudishe kwenye kitengo cha kusafishia damu. Wala usimwahidi abiria mwingine kwamba utamfikia dakika 10 baada ya muda wa kumaliza, kwa sababu damu huchukua muda wake kukoma.

Dhana: Gari lililopulizwa dawa ni gari salama

Hapa ndipo juhudi nyingi hupotea. Virusi vya njia ya hewa hutoka kwa pumzi na kubaki vikielea, na gari lililofungwa madirisha ni kachumba kadogo kuliko chumba chochote cha nyumbani. Hewa ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Abiria akae kiti cha nyuma, upande usio wa dereva. Fungua madirisha yote manne ikiwezekana. Baridi au mvua ikizuia, fungua mawili yanayokabiliana kimshazari: la mbele kwenye kiti kitupu, na la nyuma lililo mgongoni mwa dereva. Gari likitembea, hewa huingia kwa dirisha la nyuma na kutoka kwa la mbele, ikipita katikati ya watu wawili kama pazia. Wengi hufanya kinyume: kila mmoja hufungua dirisha lake mwenyewe, wakadhani ndilo linalomkinga zaidi. Ufa wa sentimita 5 tu unasaidia kuliko kufunga kabisa. Kiyoyozi kiwekwe kuvuta hewa ya nje. Kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani kikiwaka taa, mnapumua hewa ileile, kizime. Mzee mwembamba hupoa upesi, kwa hiyo blanketi au shuka la mapajani ni sehemu ya vifaa vya gari. Asipokuwa nalo, ataomba madirisha yafungwe, na dereva kwa heshima atafunga.

Abiria awe mmoja kwa safari, au wawili wanaokaa nyumba moja. Kati ya abiria na abiria, acha milango yote wazi dakika chache.

Kuhusu kufuta: vitasa, kifungio cha mkanda na sehemu anayoshika mzee vyatosha, kwa kitambaa chenye alkoholi ya 70%. Klorini ya nyumbani ya 5% ikizimuliwa, mililita 20 kwa maji hadi kutimiza lita 1, hufaa meza na sakafu. Usiipake kwenye mkanda wa gari, kwani hula nyuzi zake na mkanda huo ndio utakaotegemewa siku ya ajali. Mkanda husafishwa kwa maji na sabuni laini. Na klorini haichanganywi kamwe na siki wala na sabuni yenye amonia: gesi inayotoka huumiza mapafu.

Dhana: Kipimajoto kikisoma sawa, mzee hana ugonjwa

Mwili wa mzee dhaifu mara nyingi hauchemki hata ukiwa na maambukizi makali. Kinachoonekana kwanza yaweza kuwa kuchanganyikiwa kwa ghafla, kuanguka bila sababu, kukataa chakula, au kulala mchana kutwa. Kipimajoto cha paji la uso nacho hudanganywa na jua na baridi. Kwa hiyo uliza, kwa simu, kabla gari halijaondoka: kuna kikohozi kipya? Jana alikula? Ameanguka wiki hii? Nani nyumbani anaumwa? Muulize na anayekaa naye, maana wazee wengi hujibu kuwa hawajambo hata wakiwa hoi.

Dereva naye ajihoji hivyohivyo. Kwa Uviko-19, mtu huanza kuambukiza siku 1 hadi 2 kabla ya dalili. Chanjo hupunguza sana hatari ya kuumwa vibaya, lakini aliyechanjwa bado anaweza kubeba virusi na kuvifikisha kiti cha nyuma. Mafua mepesi ya dereva kijana ni sababu tosha ya kumwita wa akiba.

Dhana: Barakoa yoyote ni barakoa

Hewa hupita penye upenyo. Barakoa ya N95 au FFP2, yaani aina inayochuja chembe ndogo za hewani, inayokaa vizuri ndiyo ya dereva. Waya wa pua ubanwe kwa vidole vya mikono yote miwili, na ndevu nyingi huiharibu kazi kwa sababu ukingo haugusi ngozi. Yenye kidude cha kutolea pumzi humkinga anayeivaa na kumwacha mzee.

Kwa mzee, tatizo kubwa liko masikioni. Kamba za barakoa hunasa kwenye kifaa cha kusikilizia na kukiangusha inapovuliwa, na hakuna anayegundua hadi jioni. Tumia barakoa yenye kamba za kisogoni, au unganisha kamba mbili za masikio kwa kipande cha utepe nyuma ya kichwa. Kila barakoa ikivuliwa, gusa nyuma ya sikio kuhakikisha kifaa kipo.

Na usipige kelele. Sauti kubwa hupotosha maneno kwa sikio lililodhoofika na hutoa matone mengi zaidi. Zungumza polepole, sauti nzito kidogo, sentensi fupi, na uwe na karatasi na kalamu nene ya wino. Mzee mwenye maradhi ya kusahau akiivua barakoa mara tatu, usimlazimishe. Fungua madirisha zaidi, wewe ubaki na yako.

Dhana: Kumshika mzee ni hatari, basi apande mwenyewe

Kuanguka mlangoni mwa gari na kuvunja nyonga kunaweza kummaliza mzee bila kirusi chochote. Mgusano wa nusu dakika, wote mmevaa barakoa na mikono ni safi, ni hatari ndogo zaidi. Safisha mikono kwa sabuni sekunde 20 au kwa kitakasa chenye alkoholi ya 60% au zaidi, kabla na baada.

Egesha gari hatua moja kutoka ukingo wa barabara, si kuubana. Ukiubana, mzee husimama juu na kiti huwa chini mno, na kushuka hadi kwenye kiti hicho ndiko kunakomwangusha. Sogeza kiti cha mbele hadi mwisho ili nafasi ya nyuma ipanuke. Mzee ageuke, akipe kiti mgongo, arudi nyuma mpaka aguse kiti kwa miguu yake. Mkono mmoja ushike fremu ya gari, kamwe usishike mlango, kwa kuwa mlango hutembea. Akae kwanza, wewe ukikinga kichwa chake kisigonge; kisha ageuze miguu yote miwili kwa pamoja. Mfuko laini wa plastiki juu ya kiti humsaidia kuteleza anapogeuka. Uondoe kabla ya kufunga mkanda.

Kushuka ni kinyume chake: miguu nje, asogee ukingoni, akae dakika moja au mbili shinikizo la damu litulie, ndipo asimame. Dakika hiyo ndiyo madereva wenye haraka huiruka.

Usimwinue kwa kwapani. Bega la mzee huteguka. Msaidie kiunoni. Kiti cha magurudumu kifungwe breki zote mbili na vikanyagio viinuliwe kabla hajasimama. Asiyeweza kabisa kubeba uzito kwa miguu yake hafai gari la kawaida. Anahitaji gari lenye jukwaa la kupandishia au watu waliofunzwa.

Swali linalobishaniwa: mlango wa nyuma ni mwembamba, na mwenye goti lisilokunja hawezi kuupita. Afanyeje? Akae mbele, barakoa zivaliwe, madirisha yote yafunguliwe. Sheria ya kiti cha nyuma ipo kupunguza hatari, na ikianza kumvunja mtu mguu imepoteza kazi yake.

Dhana: Manunuzi yaoshwe kwa sabuni kabla ya kukabidhiwa

Hapana. Sabuni na klorini kwenye chakula hudhuru tumbo. Matunda na mboga huoshwa kwa maji yanayotiririka, basi. Angalia kwanza mambo yenye uzito: insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, haiachwi ndani ya gari lenye jua wala haigusishwi barafu, kwa sababu ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka tena. Dawa ziwe kituo cha mwisho kabla ya kumfikia mzee.

Dhana: Anayejitolea ni mwaminifu, apewe kadi na namba ya siri

Matapeli hupenda majanga, na hujitambulisha kama wasaidizi. Namba ya siri haitolewi kwa yeyote. Pesa taslimu zihesabiwe mbele ya wote wawili na kuandikwa. Risiti na chenji virudi kwenye bahasha moja. Weka neno la utambulisho ambalo mzee na dereva wake pekee wanalijua, na mzee azoee kuliuliza kabla ya kufungua mlango.

Dhana: Simu ya kumjulia hali ni ya adabu tu

Inategemea unauliza nini. "Hujambo?" huleta "sijambo". Uliza: "Umekula nini leo?" "Vidonge vimebaki vingapi?" "Leo umeinuka kitini mara ngapi?" Mzee asiyesimama hupoteza nguvu za mapaja kwa siku chache tu. Piga saa ileile kila siku, na kubalianeni mapema: asipopokea mara mbili ndani ya nusu saa, jirani mwenye ufunguo anakwenda. Maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla ni mambo ya gari la wagonjwa. Wewe andika saa ya mwisho alipoonekana mzima, madaktari wataiulizia.

Dhana: Mzee akiambukizwa, safari zake zimekwisha

Figo hazingoji. Anayesafishwa damu ataendelea kusafishwa akiwa na maambukizi, lakini kitengo kipigiwe simu kabla hajatoka nyumbani, ili kimpe saa na mlango wake na kiseme nani amlete. Akiwa taabani, ni gari la wagonjwa. Akiwa na nguvu na kitengo kikikubali gari la kawaida, dereva awe mwenye afya njema, aliyechanjwa, amevaa N95, madirisha yote wazi, na huyo ndiye abiria wake wa mwisho siku hiyo. Kwenye daftari la safari andika tarehe, saa, dereva na abiria. Dereva akiumwa, wapigiwe wote aliowabeba tangu siku 2 kabla ya dalili zake.