Tangi la majitaka la karavani linavuja: ijue plastiki kabla ya kununua gundi

Matone yakionekana chini ya karavani, wengi hukimbilia epoksi au silikoni, wanapaka nje ya tangi, na wiki mbili baadaye matone yamerudi. Si kwamba gundi zote ni mbovu. Kosa ni kuinunua kabla ya kujua maji yanatokea wapi hasa na tangi ni la plastiki gani. Nikiwa na muda wa kujibu swali moja tu kati ya hayo, nachagua la pili, maana plastiki ndiyo inayoamua kama utaunganisha kwa kemikali au kwa moto. Ukikosea hapo, kazi yote inabanduka.

Kwanza hakikisha ni tangi

Karavani nyingi zina matangi mawili ya majitaka, la choo na la sinki na bafu. Kwa kawaida la choo hutoa uchafu kwa bomba la inchi 3, na lile lingine kwa bomba la inchi 1½. Kila bomba lina vali ya bamba inayovutwa kwa mkono, imebanwa kwa bolti nne, na pande zote mbili ina mpira wa kuziba.

Ukifungua kifuniko cha mwisho wa bomba na maji yakamwagika ilhali vali zimefungwa, tangi halina kosa. Bamba halifiki mwisho, mara nyingi kwa sababu karatasi au mchanga umekwama kwenye mfereji wake, au mipira imechakaa. Yakitoka kwenye maungio ya vali, ni mipira tu. Legeza bolti nne, achanisha mabomba kama sentimita moja, chomoa vali, weka mipira mipya. Ipake grisi ya silikoni. Grisi ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira, na vali itakuwa ngumu kuvuta. Kaza bolti kwa kupokezana kona kwa kona, taratibu, kwani shingo za plastiki hupasuka kirahisi.

Washukiwa wengine ni vipima kiwango. Hivi ni bolti ndogo zilizopenya ukuta wa tangi zikiwa na washa ya mpira, na mpira huo hukauka. Juu ya tangi huingia bomba la choo na bomba la hewa, mara nyingi kupitia pete za mpira, na pete hizo huvuja pale tu tangi linapokaribia kujaa au karavani inapoegemea upande. Usisahau pia mabomba ya maji safi: tone likidondokea juu ya tangi hutembea hadi kona ya chini, na tangi likasingiziwa.

Jaribio ninaloliamini ni la maji ya rangi. Toa uchafu wote, suuza mara kadhaa hadi maji yatoke meupe, kausha nje kabisa, tandika magazeti chini. Jaza maji safi yenye rangi ya chakula, kijani kwenye tangi la choo na nyekundu kwenye lile jingine, robo kwa robo, ukisubiri nusu saa kila hatua. Likianza kuvuja, acha livuje hadi likome lenyewe. Kiwango cha maji yaliyobaki ndani ndicho kimo cha mwisho wa chini wa ufa, na hapo umeshapunguza sana eneo la kutafuta. Piga alama kwa chaki ya nta kabla hujamwaga.

Kufika kwenye tangi

Weka kabari kwenye magurudumu na uinue karavani juu ya stendi imara zilizokaa chini ya chesisi. Usilale chini ya karavani inayoshikiliwa na jeki peke yake. Tenganisha betri, funga gesi ya kupikia kwenye mtungi, na uzime friji na hita ya maji kama zinatumia gesi.

Chini ya karavani nyingi kuna shuka ya plastiki yenye mifereji, inayofunika tumbo lote. Usiikate katikati kwa haraka. Fungua skrubu upande mmoja. Kama imejaa maji, itoboe kwanza, yatoke kwenye ndoo. Kama haifunguki bila kushusha mabomba, kata pande tatu za mstatili na uache ya nne iwe bawaba, upate kuirudisha baadaye. Sufu ya kuzuia baridi iliyolowa majitaka itupwe. Haikauki vizuri na harufu yake haiishi.

Hapa kuna hatari mbili ambazo watu huzipuuza. Ya kwanza ni klorini: ukiimwaga kwenye tangi ambalo bado lina mkojo, inachanganyika na amonia na kutoa gesi ya sumu. Suuza kwanza, ndipo utumie dawa, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Ya pili ni gesi za ndani ya tangi. Uchafu unaooza hutoa methani, inayowaka, na salfidi ya hidrojeni, yenye sumu. Kabla ya kuleta chochote cha moto, acha vali zote wazi na upulize hewa ndani kwa feni kutokea upande wa choo. Feni ikae mbali na tundu, isije ikatoa cheche mahali penye gesi.

ABS au polithini?

Tafuta maandishi yaliyochongwa kwenye tangi, yakiwa ABS (plastiki ngumu inayoyeyushwa na asetoni), PE (polithini) au HDPE (polithini nzito). Kama hakuna, kwangua unyuzi mwembamba kwenye ukingo usiobeba maji. Utumbukize kwenye kikombe cha maji yenye tone la sabuni, kwa sababu bila sabuni viputo huubeba na kukudanganya. ABS ina uzito wa karibu gramu 1.05 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo huzama. Polithini ni kama 0.92 hadi 0.96, nayo huelea. Thibitisha kwa pamba yenye asetoni mahali palipojificha: ABS hulainika na kunata ndani ya nusu dakika, polithini haijali. Hata kucha inasaidia, kwani polithini ina utelezi wa nta.

Kuelea peke yake hakutoshi, kwa kuwa polipropilini nayo huelea, na haichomeleki pamoja na polithini. Jaribio la kuvuta lililoelezwa chini ndilo litakalokata shauri.

Kuandaa ufa

Ufa huwa mrefu kuliko unavyoonekana. Paka wino wa kalamu ya alama, futa haraka kwa kitambaa, na wino uliozama utakuonyesha mwisho wake. Kwenye kila ncha toboa tundu la milimita 3, mbele kidogo ya pale unapodhani umeishia. Tundu la mviringo hutawanya mkazo uliokuwa umekusanyika kwenye ncha. Ukiliruka hilo, kiraka kitashika na ufa utaendelea kutambaa pembeni yake.

Kisha chonga mfereji wenye umbo la V kando ya ufa wote, wenye pembe ya nyuzi 60 hadi 90. Kwa ABS theluthi mbili za unene zinatosha. Kwa polithini nenda karibu kufika upande wa pili, kwa sababu unachomelea kutoka nje tu na mzizi wa ufa lazima uyeyuke. Piga msasa namba 80 hadi sentimita 5 kuzunguka. Pawe pakavu kabisa: maji yaliyojificha ndani ya ufa hutoka pole pole saa nzima baada ya wewe kuamini pamekauka, hivyo pitisha hewa ya uvuguvugu na usubiri.

Tangi la ABS

Hii ndiyo kazi rahisi, kwa kuwa ABS huyeyuka na kuungana kuwa plastiki moja. Tumia gundi ya mabomba ya ABS. Ya PVC siyo, hata kama makopo yanafanana. Kwa kujaza mfereji mimi hupendelea mchanganyiko wa kutengeneza: weka vipande vidogo vya bomba chakavu la ABS kwenye chupa ya kioo hadi theluthi moja, funika kwa asetoni, acha usiku mzima, koroga. Unataka unaomiminika kama asali. Ukiwa mwepesi ongeza vipande. Asetoni hushika moto hata kwenye baridi kali, kwa hiyo pasiwe na mwali wala cheche karibu, na vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke.

Jaza mfereji kwa tabaka za milimita 1 hadi 2, ukiacha kila tabaka saa kadhaa. Kosa la kawaida ni kujaza yote kwa mara moja: juu panaganda, asetoni inafungiwa ndani, na kinachobaki ni uji laini ambao pia unaudhoofisha ukuta wa tangi.

Ukishafikia usawa, kata kiraka cha ABS chenye unene wa milimita 3 hivi, kinachozidi ufa kwa sentimita 5 kila upande, na uviringe kona zake, maana kona kali ndiyo hubanduka kwanza. Kama ukuta umepinda, kipashe moto kiraka kwa mashine ya hewa moto hadi kilegee, ukikandamize kwenye tangi kikiwa bado hakina gundi, kipoe na umbo hilo. Hapo ndipo upake gundi pande zote mbili, ukibandike na kukiegemeza kwa ubao na jeki ndogo, bila kulisukuma tangi hadi likunjike. Kisibebe maji kabla ya saa 24. Hali ya hewa ikiwa baridi, ngoja 48.

Tangi la polithini

Gundi za kawaida, epoksi na silikoni hazishiki polithini. Zinakaa juu yake tu, na mtikisiko wa barabara unazibandua. Dawa ya kweli ni kuchomelea kwa mashine ya hewa moto yenye pua nyembamba na ufito wa polithini ya aina ileile, HDPE kwa HDPE. Moto wa nyuzi 270 hadi 300 za Selsiasi mdomoni mwa pua ndipo pa kuanzia.

Fanya jaribio la kuvuta kwanza. Kwangua sehemu isiyo muhimu, chomelea ufito na uache mkia wa sentimita 5, subiri upoe kabisa, kisha uvute kwa koleo. Ukikatika au ukang’oka na nyama ya tangi, endelea. Ukibanduka na kuacha pameng’aa, ama moto haukutosha ama plastiki si ileile. Kuna pia polithini iliyofungwa kikemikali kiwandani isiyeyuke tena: inalainika, inavutika, halafu inaungua bila kugeuka uji. Tangi la namna hiyo halichomeleki, libadilishwe.

Kwangua upya muda mfupi kabla ya kuchomelea, kwa sababu ngozi ya juu iliyooksidika haiungani na chochote. Alama ya vidole nayo inatosha kuharibu, hivyo usiguse. Peperusha moto kwenye ufito na kwenye mfereji kwa pamoja, na usukume ufito chini ukiwa wima. Unatafuta ukingo mdogo wa plastiki iliyoyeyuka pande zote mbili za ufito. Usipouona, umekimbia. Ukiona moshi au rangi ya kahawia, umekaa mno. Ufa ukizidi sentimita 10 mimi huongeza wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu, uliozamishwa kwa chuma cha kulehemea na kufunikwa tena kwa polithini. Acha kazi ipoe yenyewe. Maji baridi yanaleta mkazo mpya.

Kilichopasua tangi bado kipo

Lita 150 za majitaka ni zaidi ya kilo 150 zinazoning’inia kwenye mikanda na kurushwa kila shimo. Kwa hiyo kabla ya kufunga, angalia mikanda iliyolegea, ukingo mkali wa chesisi unaosugua kona, na hasa bomba la kutolea uchafu lisiloshikiliwa na kitu. Bomba refu lisilo na kishikio huwa mtaimbo unaokongoa shingo ya tangi kila karavani inaporuka, na ndiyo maana nyufa nyingi huanzia hapo shingoni. Weka kishikio cha bomba karibu na vali, na kipande cha mpira mnene kati ya tangi na chuma.

Ufa unaoizunguka shingo yenyewe sipendi kuuziba. Ni mahali pembamba, panapopindishwa kila siku, na kiraka hakikai vizuri kwenye mkunjo. Vivyo hivyo nyufa tatu au nne zilizotokea zenyewe kwenye tangi la zamani: plastiki imeshakuwa kavu, utaziba ufa mmoja na mwingine utafunguka. Pima tangi urefu, upana, kina na mahali pa matundu, agiza jipya.

Kama umeziba, jaza tangi maji ya rangi hadi juu na uache saa 24, kisha endesha pole pole kilomita chache kwenye barabara mbovu likiwa nusu, na uangalie tena. Usijaribu kwa hewa ya kompresa. Bar 0.1 tu kwenye ukuta wa nusu mita ya mraba ni nguvu ya karibu kilo 500, na tangi hili halikutengenezwa kubeba shinikizo. Shuka ya chini irudishwe mwisho kabisa, baada ya safari hiyo, na mahali ulipokata pafungwe kwa skrubu zenye washa pana, ili siku nyingine pafunguke bila kisu.