Kujiongezea damu ni nini, na kwa nini tuhuma dhidi ya Lasse Virén haziishi

Kujiongezea damu ni kuzidisha chembe nyekundu mwilini kwa njia isiyo ya mazoezi, chakula wala kuishi mlimani, ili damu ibebe oksijeni nyingi kuliko mwili wenyewe ungepanga. Redio na magazeti hutia kila udanganyifu wa aina hii katika kapu la "dawa za kusisimua misuli". Wengine Kenya husema "pufya". Jina la kwanza linapotosha. Hapa hakuna msuli unaosisimuliwa, na katika umbo lake la asili hakuna hata dawa: ni damu ya mkimbiaji mwenyewe iliyotolewa, ikahifadhiwa, kisha ikarudishwa mshipani siku chache kabla ya mbio.

Faida yake ni hesabu tu. Gramu 1 ya hemoglobini, protini nyekundu iliyo ndani ya chembe hizo, hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye gramu 150 katika kila lita ya damu hubeba mililita 200 hivi kwa lita; akipandishwa hadi gramu 160, anaongeza 13 na ushee. Moyo wa bingwa unaposukuma lita 30 kwa dakika, hiyo ni ziada ya mililita 400 kila dakika, ilhali mkimbiaji wa kiwango hicho hutumia kama lita 5. Si oksijeni yote hiyo inayofika kwenye msuli, lakini hata nusu yake inatosha kumpa mtu medali katika mita 10,000.

Mwaka 1972 watafiti wa Uswidi wakiongozwa na Björn Ekblom walitangaza walichokiona baada ya kuwatoa watu damu na kuwarudishia wiki kadhaa baadaye: kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni kilipanda kwa takriban asilimia 9. Mwaka huohuo, ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Bothnia, mkimbiaji Lasse Virén, polisi kutoka kijiji cha Myrskylä nchini Ufini, aliondoka kwenye Olimpiki ya Munich na dhahabu mbili. Tuhuma zimekaa juu ya ujirani huo wa tarehe kwa zaidi ya miaka 50.

Kabla ya kumfikia Virén, tuangalie sehemu ambayo wengi huiruka, yaani uhifadhi. Mtu akitolewa chupa 2 za damu, hemoglobini yake hushuka, na uboho, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, huhitaji wiki nyingi kufidia. Ndiyo maana mchangiaji damu wa kiume Tanzania huambiwa arudi baada ya miezi 3. Lakini damu iliyowekwa kwenye jokofu kwa nyuzi 4 haikai muda mrefu: kwa dawa za kuhifadhia za miaka ile ilikuwa siku 21, baadaye 35 na hata 42. Ukiirudisha mapema unamrudishia mtu kile tu ulichomtoa, hujamwongezea kitu. Ukichelewa, chembe zimeoza. Njia ya kukwepa mtego huo ni kugandisha chembe nyekundu kwa nyuzi 80 chini ya sifuri zikiwa zimechanganywa na gliseroli ili barafu isizipasue; hapo hudumu miaka. Siku ya kuzitumia gliseroli lazima ioshwe kwa mashine, na isipooshwa vizuri chembe hupasuka ndani ya mshipa. Kwa hiyo anayedai kwamba fulani alijiongezea damu miaka ya 1970 anadai pia kwamba nyuma yake kulikuwa na daktari, friza na mashine. Si kazi ya kufichwa na mtu mmoja chumbani.

Hatari nyingine zinajulikana na kila muuguzi wa wodi: chupa zikibadilishana majina mtu hupewa damu isiyooana na yake, bakteria huzaliana katika mfuko uliopata joto, na damu ikizidi uzito huganda kirahisi, hasa kwa mtu aliyepoteza maji kwa jasho.

Sasa Virén. Munich, fainali ya mita 10,000: alianguka kabla ya nusu ya mbio, Mohamed Gammoudi wa Tunisia akaanguka naye na hatimaye hakumaliza. Virén aliinuka, akawafikia wenzake na kushinda kwa dakika 27 na sekunde 38.4, akivunja rekodi ya dunia ya Ron Clarke iliyodumu tangu 1965. Siku chache baadaye akachukua mita 5,000. Miaka minne iliyofuata alikuwa mkimbiaji mzuri wa kawaida. Katika mashindano ya Ulaya ya 1974, Roma, alipata shaba tu. Kisha Montreal 1976 akarudia dhahabu zote mbili, na kesho yake baada ya mita 5,000 akakimbia marathoni akashika nafasi ya 5.

Kupotea kati ya Olimpiki na kuibuka siku ya siku ndiko kulikowatia watu shaka. Virén amekana daima, na alipoulizwa siri yake aliwahi kujibu kwa mzaha kwamba ni maziwa ya kulungu wa kaskazini. Kocha wake, Rolf Haikkola, alikuwa na maelezo yasiyochekesha: mazoezi yote ya miaka minne yalipangwa yaishie wiki moja, na mashindano mengine yalikuwa mazoezi ya njiani. Ugumu ni kwamba mpango wa namna hiyo na damu ya kurudishwa vingeacha alama ileile kwenye matokeo: chini, chini, kisha juu ghafla. Ushahidi unaolingana na maelezo mawili hauchagui hata moja, na wanaoushika kama uthibitisho wanaulazimisha.

Montreal ina alama nyingine ya kuuliza isiyohusu damu. Karibu nchi 30, nyingi za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Ethiopia, zilisusia kwa sababu ya ziara ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini. Miruts Yifter, aliyepata shaba nyuma ya Virén katika mita 10,000 za Munich, hakukimbia. Kwa maoni yetu pengo hilo linazigusa medali za 1976 kuliko uvumi wowote wa friza.

Kilichoutia nguvu uvumi ni Mfini mwingine. Kaarlo Maaninka alipata fedha ya mita 10,000 na shaba ya mita 5,000 Moscow 1980, kisha akakiri mwenyewe kwamba aliongezewa damu. Hakunyang'anywa kitu, kwa sababu kanuni za wakati ule hazikukataza. Tazama matokeo ya mita 5,000: Yifter 13:20.91, Suleiman Nyambui wa Tanzania 13:21.60, Maaninka 13:22.00. Nyambui alimshinda mtu mwenye damu ya ziada kwa sehemu 4 za kumi za sekunde. Katika mita 10,000 Mohammed Kedir wa Ethiopia hakuwa na bahati hiyo. Alibaki na shaba, sekunde 0.36 nyuma ya Maaninka.

Katazo lilikuja katikati ya miaka ya 1980, baada ya kubainika kuwa baadhi ya waendesha baiskeli wa Marekani waliongezewa damu kwa ajili ya Los Angeles 1984, wengine damu ya watu wengine kabisa. Michezo hiyohiyo, Martti Vainio wa Ufini alivuliwa fedha ya mita 10,000 kwa steroidi, na Michael Musyoki wa Kenya akapanda kutoka nafasi ya 4 hadi shaba. Tofauti ya Musyoki na Kedir ni kwamba upande mmoja palikuwa na kanuni na sampuli, upande wa pili palikuwa na ungamo tu.

Baadaye ilikuja EPO ya maabara, homoni inayouamuru uboho kuzalisha chembe nyekundu. Ilikatazwa 1990, kipimo kilianza Sydney 2000. Damu ya mtu mwingine ikaanza kugunduliwa 2004, kwa alama za chembe zisizo zake. Damu yako mwenyewe bado haina kipimo cha moja kwa moja, na hapo ndipo pasipoti ya kibayolojia iliyoanza 2009 inapoingia.

Pasipoti ni kumbukumbu ya vipimo vya damu vya mwanariadha mmoja; haitafuti dawa, hutazama mwenendo. Kipimo kimoja muhimu huchukua hemoglobini kwa gramu kwa lita, kisha hupunguza humo 60 mara kipeuo cha pili cha asilimia ya chembe changa, yaani chembe nyekundu zilizotoka tu kwenye uboho. Mwenye 150 na chembe changa asilimia 1 anapata 90. Akijirudishia damu, uboho huona chembe zimezidi na kupumzika: hemoglobini 165, chembe changa 0.4, jibu ni 127. Akiwa ametoka kutolewa damu mambo hugeuka: 140 na asilimia 2 ni 55. Programu hulinganisha namba hizo na za mtu huyohuyo zilizotangulia, na zikivuka mipaka yake wataalamu watatu huzisoma bila kujua jina.

Vipimo hivi huharibika kwa mambo madogo. Mtu akitoka kusimama, maji ya damu hayajatulia, ndiyo maana hukalishwa dakika 10 kabla ya sindano. Sampuli ikipata joto njiani, chembe huvimba. Na anayeshuka kutoka Iten, mita 2,400 juu ya bahari, kwenda Ulaya hupungukiwa chembe changa kwa muda, hali inayofanana kidogo na damu iliyorudishwa. Kwa hiyo fomu ya kipimo humuuliza alikaa mwinuko gani wiki 2 zilizopita. Mkimbiaji anayeijaza kwa uvivu anajitafutia kesi.

Kwa Virén, basi, kuna maswali mawili ambayo hayafai kuchanganywa. Je, alivunja kanuni ya kuongezewa damu? Hapana, haikuwepo. Je, aliongezewa? Pasipoti haiwezi kujibu, hata kama kesho ingepatikana namba moja ya damu yake ya Julai 1976, kwa sababu namba moja haina ya kulinganishwa nayo.